Posho ya Marehemu

Oxenroyd, 4 Novemba 1823

Kwa Bwana Josiah Thurlby,
Msimamizi wa Maskini, Parokia ya Scarthby

Bwana,

Pokea salamu zangu na za watu wa nyumba hii. Mkono unaoandika ni wa mke wangu Hester, maana mimi kalamu haijawahi kunitii, kama unavyojua, lakini maneno ni yangu mwenyewe.

Nimesikia kwa Leake, mchukuzi wa sufu, kwamba mwaka huu zamu ya usimamizi imekuangukia wewe. Ndiyo maana nimepata ujasiri wa kuandika. Kifua kimenibana tangu Septemba na sijagusa kazi. Hester anafuma mchana kutwa, lakini bei ya kitambaa imeshuka mpaka aibu. Naomba waungwana wa kikao cha parokia wanikumbuke kwa posho kidogo ya kila mwezi, hadi nipate nafuu. Nisingewasumbua kama ningekuwa na njia nyingine. Wafikirie pia kwamba kunisaidia hapa nilipo ni rahisi kuliko kutusafirisha mimi, mke wangu na binti yangu Keziah mpaka huko na kutupa nyumba.

Wako mtiifu,
Abel Maltby
(alama yake: X)


Scarthby, 20 Novemba 1823

We Abel,

Eti "Bwana"! Tangu lini mimi na wewe tukaitana Bwana? Tumekulia shamba moja, tumekula chakula cha jiko moja, tumeiba tufaha za kasisi na kukimbizwa na mbwa mmoja. Mwambie huyo mkeo apunguze adabu, anaandika kama karani wa mahakama.

Barua yako niliisoma mbele ya kikao. Wakakohoa, wakatazamana. Brackenbury, unamkumbuka, yule mwenye shingo ya bata mzinga, akauliza kwa nini mtu wa Scarthby akae kwenye vilima vya Yorkshire akila kodi ya watu wa Scarthby. Nikamwambia kwamba hujawahi kutuomba hata kipande cha mkate tangu uondoke. Basi wamekubali, lakini mpaka Pasaka tu, na kwa sharti moja: Leake akuletee fedha mkononi na akuone kwa macho yake. Mwaka juzi walimlipa mtu mmoja wa Hull miezi chungu nzima, kumbe alishapanda meli zamani.

Sasa nisikilize, ndugu yangu. Pasaka zamu yangu inaisha, na anayefuata ni huyo huyo Brackenbury. Ameshaapa kufuta kila anayeishi nje ya parokia. Rudi nyumbani kabla hajashika madaraka. Kuna chumba kizuri karibu na kisima, nitakuwekea. Na Keziah, si ameshafika miaka tisa? Atakuwa amewahi kura ya Jumatatu ya Pasaka. Majina ya watoto wa maskini bado yanatiwa kwenye kofia vile vile, kila mwenye shamba anachomoa lake na kumchukua mtoto amtumikie mpaka awe mtu mzima. Atakula mkate kila siku, kama wewe ulivyokula kwa marehemu baba. Tazama ulivyokuja kuwa mtu!

Ndugu yako,
Josiah Thurlby


Oxenroyd, 7 Desemba 1823

Mdogo wangu Dinah,

Ukimaliza kusoma hii, itie kwenye jiko la huyo kasisi unayempikia. Usiniwekee ukumbusho.

Abel tulimzika Septemba, na wewe mwenyewe ulinishika mkono pale kaburini. Basi ujue kwamba huko Scarthby bado yu hai. Nimemfufua mimi. Anaandika barua, anaomba posho, anatia alama ya X. Usinilaani kabla hujasikia.

Mimi nimezaliwa Oxenroyd, nimebatizwa Oxenroyd, na mtoto nimemzalia hapa. Lakini sheria inasema mke ni wa kwao mume, na Abel ni wa Scarthby, hata kama mimi sijawahi kuiona Scarthby wala sijui iko upande gani wa mto. Mume mgonjwa wanamwacha kidogo, wanatumaini atapona arudi kazini. Mjane na mtoto hawaachwi. Siku nitakayosema "mume wangu amekufa, nisaidieni", wazee wa hapa watanipandisha kwenye gari na kunipeleka huko "kwetu". Na huko Keziah atatiwa kwenye kofia.

Hata Abel alichomolewa kwenye kofia hiyo hiyo. Aliyemchomoa ni babake huyu Thurlby anayeniandikia sasa kwa bashasha, eti tumekula jiko moja! Abel alikula amesimama mlangoni, na alilala darini, juu ya zizi la farasi. Wewe hujawahi kuuona mgongo wake. Mimi niliusugua kila Jumamosi, na kuna sehemu alinikataza kugusa mpaka anakufa. Nikilala naziona alama zile za viboko, ila mgongo ni wa Keziah. Basi naamka, nakaa, natembea chumbani. Silali, Dinah.

Jana Leake alikuja na fedha. Leake hajawahi kumwona Abel uso kwa uso, basi nilimlaza mzee Enos Clegg wa chumba cha juu kwenye kitanda cha Abel, blanketi mpaka puani, nikampa ahadi ya bia. Nilimwambia akohoe tu. Basi mzee akajiona mwigizaji wa maonyesho! Akapiga kite, akamwita Leake "mwanangu", akamwomba tumbaku, akaanza kumuusia mambo ya mazishi yake. Nilitamani kumziba mdomo kwa mto. Keziah alikimbilia nje, sikujua kama analia au anacheka, na nilipomfuata nikakuta ni vyote viwili. Nimemfundisha mtoto kusema babake anaumwa. Mungu anisamehe, analisema vizuri kuliko mimi.

Dada yako,
Hester


Scarthby, 18 Januari 1824

Ndugu Abel,

Leake amenitisha. Anasema nywele zako zimekuwa nyeupe pee na meno yamekwisha! Sisi si rika moja? Mimi meno yangu yote ninayo, isipokuwa lile ulilolivunja wewe kwa kombeo. Tena anasema uliomba tumbaku. Wewe uliyekuwa ukitapika ukinusa tu kiko cha baba! Hiyo Oxenroyd imekufanya nini?

Nimeshindwa kutulia, nimeamua kwa niaba yako. Mwezi wa Machi Leake akishusha sufu huko, gari lake litarudi tupu, na nimemlipia nafasi yenu watatu, kwa fedha yangu, si ya parokia. Atatandika majani makavu mengi, na mke wangu anatuma mablanketi mawili. Utarudi kama mheshimiwa. Nitamwandikia pia msimamizi wa maskini wa huko kwenu ili awasaidie kufunga mizigo.

Usinijibu kwamba hutaki. Mtu mgonjwa hana hiari. Nitakuja kukuchukua mwenyewe ikibidi.

Josiah


Skelby, 27 Januari 1824

Dada Hester,

Nimeisoma barua yako na nakala ya maneno ya huyo Thurlby, nikairudia tena na tena mpaka mchuzi wa kasisi ukaungua. Una wazimu! Wanamfunga mtu kwa mambo haya. Mke wa mvuvi mmoja hapa alipokea posho ya mama yake aliyekwisha kufa, akapelekwa gerezani na nywele akakatwa.

Lakini maji umeshayavulia nguo. Hapo ulipo si pa kulia. Kosa lako ni kwamba unamfanya Abel mnyonge mno. Kila barua ni kifua, ni kikohozi, ni tafadhali Bwana. Mtu akilialia hivyo, rafiki yake lazima atamfuata na gari! Abel tuliyemjua alikuwa na kiburi cha kutosha watu watatu. Mwandikie huyo bwana kwa kiburi. Mwambie Abel hataki gari la mtu, kazi anaijua, alisifiwa na mabwana zake. Si ulikuwa ukinieleza alivyofanya kazi kwa yule mtia rangi nguo, Hoyle, mwaka mzima bila kukosa siku? Liseme hilo. Mwanaume akijisifu, wanaume wenzake humwacha apite.

Na huyo mzee Enos mtoe kitandani kabla hajazoea.

Mdogo wako,
Dinah Sugden


Oxenroyd, 9 Februari 1824

Kwa Josiah Thurlby,

Josiah, nakushukuru wewe na mkeo kwa mablanketi, lakini mwambie Leake asitandike majani kwa ajili yangu. Mimi si ndama wa kupelekwa sokoni.

Umeniona mnyonge kwa sababu naumwa. Nikukumbushe mimi ni nani. Nilipofika Oxenroyd, kijana bila mke wala koti, nilijiajiri kwa Hoyle mtia rangi kuanzia Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mpaka Mikaeli ya pili, mwaka kamili, nikalala kwake, na nikatoka nikiwa nimesifiwa mbele ya watu. Hakuna siku niliyokosa. Mtu wa namna hiyo akiugua, hapakizwi kwenye gari kama gunia. Kifua kikipona nitarudi kazini, na sitaihitaji tena parokia yako. Kama kikao kinataka kunikatia posho, wakate. Mimi hapa siondoki.

Abel Maltby
(alama yake: X)


Scarthby, 1 Machi 1824

Shemeji Hester,

Barua hii nakuandikia wewe, na naipeleka kwa mkono wa Leake ili isipite kwa mtu mwingine. Kaa chini kwanza.

Barua ya mwisho niliisoma mbele ya kikao kama ilivyo desturi. Nilipofika kwenye habari za Hoyle, Brackenbury alinyanyuka kwenye kiti. Akasema, "Rudia hapo!" Nikarudia. Akapiga meza, akacheka mpaka machozi. "Mwaka kamili, hana mke, analala kwa bwana wake? Basi huyo si wetu! Ni wa Oxenroyd! Amejitoa mwenyewe kwa mdomo wake!" Wote wakashangilia. Sheria ndivyo ilivyo, shemeji, na naona hukuijua: kijana asiyeoa akiajiriwa mahali mwaka mzima, pale pamekuwa kwao, na parokia ile ndiyo itakayomlisha akianguka. Kwa sentensi moja tu umemfuta Abel hapa Scarthby.

Wenzangu walishangilia, mimi sikushangilia. Kwa sababu mwaka ule Abel alikuja hapa kwa miguu, akaketi jikoni kwangu, akapiga ukuta kwa ngumi. Hoyle alimfukuza siku tatu kabla ya Mikaeli. Ndiyo hila yao, wanawatoa vijana mwaka ukiwa karibu kutimia ili wasije wakawa mzigo wa mji. "Siku tatu, Josiah," aliniambia, "kwa siku tatu wameninyima kwetu." Alilia kwa hasira. Abel angeweza kusahau jina langu, lakini siku tatu zile asingezisahau, wala asingethubutu kunidanganya mimi niliyemwona.

Nikakumbuka nywele nyeupe, na tumbaku.

Sasa niambie kweli. Oxenroyd watapinga, na jambo litafika kwa hakimu. Hoyle alishakufa na kiwanda chake kilishaungua. Akiwepo Abel, hakimu atamhoji, naye ataulizwa siku ile ile aliyotoka kwa Hoyle. Asipokuwepo, hakuna wa kuhojiwa ila wewe, kwa yale aliyokuambia, na mimi, kwa yale ninayoyajua. Ukinionyesha cheti cha mazishi nitajua la kufanya. Usiponionyesha, sina budi kuwaeleza kwamba Abel hakutimiza mwaka, na gari la Leake litawafuata. Sitaki kukutisha. Nimekaa na jambo hili usiku na mchana, na sijui njia ya tatu.

Josiah Thurlby


Oxenroyd, 6 Machi 1824

Dinah,

Amejua. Soma nakala niliyotia humu, halafu nijibu upesi, leo hii kama unaweza.

Anataka cheti cha mazishi. Nikimpa, mkononi mwake ana kitanzi changu: nimekula posho ya maiti tangu Novemba, na yeye ndiye msimamizi. Nisipompa, gari linakuja. Nimekitoa cheti kwenye kopo la chai na kukirudisha sijui mara ngapi. Chama cha kuzikana walikiandika vizuri, jina lake lote.

Na nimemkasirikia Abel, Dinah! Nimemkasirikia maiti. Miaka yote ile alinidanganya. "Mwaka mzima kwa Hoyle, Hester, na mzee alinipa mkono." Kumbe alifukuzwa. Alimwambia Josiah, hakuniambia mimi. Na mgongo alinionyesha mimi, ilhali Josiah anaandika kama mtu asiyejua. Tumegawana mtu mmoja mimi na huyo bwana, na kila mmoja ana kipande chake.

Je, mtoto wa yule mzee Thurlby anaweza kuaminiwa? Sina siku nyingi za kufikiri. Leake anapumzisha farasi tu, kesho anaondoka, na ameniuliza kama nina jibu. Keziah amelala. Amekunja ngumi kama babake.

Ngoja. Usinijibu. Barua yako haitawahi. Nitaamua mwenyewe.

Hester


Scarthby, 20 Aprili 1824

Shemeji,

Cheti kilifika. Nilimwacha Leake mlangoni, nikaenda zizini.

Umeshasikia uamuzi, maana ulikuwepo, lakini tulisimama pande mbili za chumba kama watu wasiojuana, na nadhani ilikuwa vyema. Umesema ulichoambiwa na mumeo, na hukusema uongo. Nilipoitwa mimi, hakimu aliuliza kama najua lolote la kupinga kwamba marehemu Abel Maltby alitimiza mwaka wake kwa Hoyle. Mkono ulikuwa juu ya Biblia. Nikasema sijui lolote. Msimamizi wa Oxenroyd alinitazama sana. Nadhani alihisi, ila hakuwa na kitu mkononi.

Basi wewe na Keziah ni watu wa Oxenroyd, na hakuna gari litakalowatoa. Fedha zote ulizopokea nimezirudisha mimi, na kikao kimeandikiwa kwamba mlilipwa kimakosa, kwa kuwa si watu wetu, na mmerejesha; kwa furaha yao hakuna aliyeuliza Abel alikufa lini. Brackenbury alinipiga bega, akasema nimeilinda parokia kuliko msimamizi yeyote kabla yangu. Wamekunywa afya yangu. Nilikunywa nao.

Jana ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, kazi yangu ya mwisho kabla ya kukabidhi. Kofia ilikuwa yangu, na wenye mashamba walipanga mstari. Nami nililazimika kuchomoa, kwa kuwa nina ekari zangu. Nimepata msichana wa miaka kumi, binti wa fundi mapipa aliyekufa. Kabla sijasema neno alishauliza ngazi ya darini iko wapi. Usiku nilimwita aketi mezani nasi. Akakataa, akabaki mlangoni na bakuli lake, na mke wangu akasema nimwache, atazoea.

Shemeji, nina swali moja, halafu sitakusumbua tena. Tangu niliposoma kile cheti linanikera. Abel aliwahi kunitaja? Alisema nini?

Josiah Thurlby


Oxenroyd, 9 Mei 1824

Shemeji Josiah,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianza barua hii mara nyingi, na kila mara nilijikuta naandika kwa sauti ya Abel. Mkono umezoea. Leo naandika yangu.

Oxenroyd wananipa kidogo kuliko mlichonipa ninyi, tena wananipa kwa matusi, lakini nakichukua nikiwa nimesimama kwenye mtaa niliozaliwa. Keziah yuko hapa. Anakohoa, anabishana nami kuhusu uji, anaharibu nyuzi. Nimemwambia asiseme tena babake anaumwa. Akaniuliza aseme nini, nikamwambia aseme amekufa, na tukalia siku ile kama tumempoteza siku ile. Mzee Enos alishuka na chupa, akakaa nasi, kwa mara ya kwanza bila kuigiza.

Kwa kiapo chako sijui neno la shukrani linalotosha, kwa hiyo sitafuti. Najua umekila kwa ajili ya nani na umepoteza nini.

Umeuliza swali, na una haki ya kujibiwa kweli. Alikutaja. Alikutaja mara nyingi, kwenye tufaha na mbwa na kombeo, akicheka. Na mara moja, akiwa na homa, alikutaja bila kucheka. Alisema, "Josiah hakuwahi kunigusa." Nikangoja. Akasema kwamba babako alipokuwa akimpiga zizini, wewe ulisimama mlangoni mpaka amalize, halafu ukamletea maji. Kila mara. Sijui kama alikuwa akikushukuru au akikulaumu. Sikumuuliza, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Huyo binti wa fundi mapipa usimshurutishe mezani. Mpe kwanza kitanda ndani ya nyumba, chumba chenye komeo, na komeo liwe upande wake.

Hester Maltby,
wa Oxenroyd